Re: Kevin O'Brien wa Ireland alikuwa mtu wa siku moja tu?

Mkuu umeuliza kama Kevin O'Brien ana kingine cha kukumbukwa zaidi ya ile mechi ya Bengaluru, India, nakujibu huyu mpigaji wa kriketi wa Ireland anacho tena kingi. Ila tuanze na hiyohiyo maana ni tamu, tarehe 2 Machi 2011, Kombe la Dunia, England wamepiga mikimbio (pointi) 327, Ireland wako 111 na wiketi 5 zishaanguka (yaani wapigaji wao 5 wameshatolewa), jamaa yuko uwanjani nywele kazipaka rangi ya pinki, akaanza kuwatandika mabaulaza (warusha mpira) wa England kila kona mpaka akafika mikimbio mia kwa mipira 50, yaani hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa kasi ile Kombe la Dunia na ilichukua mpaka 2023 kuvunjwa. Akatoka na 113, Ireland wakashinda imebaki mipira 5. Mimi hiyo mechi naipenda mpaka kesho.

Sasa Wakenya wanamjua toka zamani, 2007 Nairobi aliwapiga 142, ndiyo skoa yake kubwa kabisa ya ODI (mechi za kimataifa za siku moja), na bado Kenya wakashinda wakiwa wamebakiwa na wiketi moja tu!

Halafu 2018 pale Malahide, mechi ya kwanza kabisa ya wanaume wa Ireland ya Testi (kriketi ile ndefu ya siku kadhaa), dhidi ya Pakistan, akapiga 118. Mia ya kwanza ya Testi kwa nchi nzima ni ya kwake. Mwaka 2019 akapiga 124 kwenye T20 (kriketi fupi ya ova 20 kila timu) kule Oman dhidi ya Hong Kong. Kastaafu 2022.