Doa likirudi palepale, uliza umemeza dawa gani

Wacha nianze na ile yenye watu hawapendi kuongea. Kuna upele wa dawa unatoka mwili mzima, kila mtu anauona, unaonewa huruma, unapewa Piriton, maisha inaendelea. Halafu kuna ule unatoka kama doa moja ama mawili tu, kwa mdomo, kwa mkono, na wanaume wengi unawatokea pale sehemu za siri. Huo wa pili unaweza kuvunja nyumba ya mtu bure kabisa, na nusura uvunje yangu.

Ilikuwa hivi. Tumbo lilinisumbua nikapitia kemist moja huku Kisumu, jamaa akanisikiza kidogo, akachukua makasi akakata karatasi ya vidonge katikati, akaweka kwa bahasha ya kaki na kuandika juu 2x2. Jina la dawa hakuna, hata ile sehemu ya karatasi iliyokuwa na jina imebaki kwake. Nikameza jioni. Kabla hata nilale nikaanza kusikia moto kwa mdomo wa chini na kule chini pia, na asubuhi kuna duara limechorwa vizuri kabisa, zambarau inayoenda kwa nyeusi, katikati ngozi imeinuka ina maji. Mke wangu akaliona. Hakupiga kelele, na wanaomjua wanaelewa kwamba hiyo ni mbaya zaidi. Baadaye sana ndio akauliza, "Baba Akinyi, hii umeitoa wapi?"

Sasa utajibu nini? Hasa ukijua si mara ya kwanza, ilishawahi kutoka hapo hapo, ikakauka ikaacha weusi. Shangazi yangu kule Siaya alipopata habari (usiniulize alipataje) akaanza kutaja chira, ile laana ya kuvunja mwiko kwetu Wajaluo. Kliniki ya kwanza tuliyoenda waliangalia sekunde chache wakasema kaswende, damu haijatolewa, hakuna kupimwa, nimeshaandikiwa sindano. Nikakataa, tukatoka. Na hapa niseme, kama una bibi ama bwana, endeni pamoja, kila kitu daktari anasema msikie wote wawili, juu ukienda peke yako ukarudi na maelezo yataonekana ni ya kutunga.

Daktari wa ngozi tuliyekuja kumwona aliuliza maswali mawili kabla hata ya kuangalia: imewahi kutoka mahali hapo hapo? Na kabla itoke ulikuwa umemeza nini? Mke wangu ndiye alikuwa na akili ya kubeba ile bahasha na vidonge vilivyobaki. Daktari akakigeuza kidonge kimoja, akasoma herufi zilizochongwa juu yake, akasema hii ni Septrin, ile antibiotiki ya salfa.

Alivyotueleza ni kwamba kuna watu ambao mwili wao ukikutana na dawa fulani, seli za kinga zinabaki zimekaa pale kwa kipande kile cha ngozi, hata doa likipona. Ukiimeza tena, ndani ya nusu saa mpaka masaa kama nane hivi panawaka upya, palepale, na kila ukirudia unaweza kuongezewa madoa mengine mapya. Haiambukizi. Hukuipata kwa mtu, wala huwezi kumpa mtu. Nilimwangalia mama watoto aliposema hayo maneno na yeye akaangalia dirisha.

Septrin inaongoza kwa hii shida juu ni dawa ya salfa, lakini si yenyewe tu, kuna watu wanaletewa na Brufen, wengine doksisaiklini, wengine Flagyl, na wachache hata Panadol. Na ujue Septrin ina majina mengi, utaikuta imeandikwa Bactrim ama kotrimoksazoli na ni ileile, ukikataa moja unauziwa nyingine na unameza ukidhani umebadilisha. Tena kuna ndugu yake, Fansidar. Wale wa rika langu wanakumbuka vile tulikuwa tunapewa Fansidar kwa kila malaria kabla Coartem ije kuchukua nafasi yake hospitalini 2006. Imetoka kwa matibabu ya kawaida lakini huku kwetu kwenye malaria nyingi wamama wajawazito bado wanapewa kliniki kama kinga, na ni salfa pia. Kama dadako ana mimba na salfa ilishawahi kumtoa madoa ama kumfurisha, aseme kabla hajamezeshwa, si baada.

Kusema ndio kazi. Septrin kwa miaka mingi imejulikana kama dawa ya kinga ya kila siku ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa hivyo ukisimama kwa kemist imejaa watu useme kwa sauti "mimi Septrin inanikataa", unaona shingo zinageuka. Waache wageuke. Mimi sasa nasema kabla hata ya salamu kuisha, "Daktari, dawa za salfa sitaki," (huku kwetu ukivaa koti nyeupe wewe ni daktari, hakuna kuuliza) na naomba aandike jina la dawa kwa bahasha. Asipotaka kuandika natoa simu napiga picha boksi. Kuna mmoja alikasirika akaniambia ninamharibia muda, nikaenda duka linalofuata, Kisumu hii hatuna shida ya kemist. Pia kuna kadi ya tahadhari ya Bodi ya Famasia na Sumu, ile inaandikwa dawa iliyokudhuru unaiweka kwa pochi pamoja na kitambulisho, na hospitali wana fomu ya njano ya kuripoti. Wengi hawakupi mpaka uulize. Uliza.

Madoa yangu mimi ni ya kusumbua tu, hayaui. Kuna mengine yanaua na hayo usikae nyumbani ukioga maji ya mwarobaini ukingoja damu isafike. Ukiona umemeza dawa halafu ndani ya dakika ama masaa umetoka mabaka yaliyoinuka, midomo inafura, koo linabana, pumzi haiji, hiyo ni dharura, tafuta boda ama gari sasa hivi. Ile nyingine inakuja polepole, mara nyingi ndani ya wiki nane za kwanza za dawa mpya: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inauma badala ya kuwasha, halafu malengelenge na kubambuka. Hiyo acha dawa na uende hospitali kubwa, ukiwa Kisumu nenda Russia (ndio tunavyoita hospitali ya rufaa ya Jaramogi) moja kwa moja, ubebe dawa zote ulizomeza. Dawa zinazojulikana kwa hiyo ni Septrin yenyewe, dawa za kifafa kama Tegretol na fenitoini, alopurinoli ya gauti, na nevirapini ambayo wagonjwa wa zamani wa ARV wanaikumbuka vizuri, ilikuwa unaanza na nusu dozi wiki mbili kwanza kwa sababu ya ngozi na ini.

Lakini kama ni kuwashwa tu, na uko kwa dawa za TB, kifafa ama ARV, usikate mwenyewe kimyakimya. Rudi kliniki siku hiyohiyo waamue wao, kukata dawa ya kifafa ghafla kunaweza kukuangusha barabarani. Na mtoto akimaliza amoksilini halafu siku chache baadaye atoke vipele vidogo vyekundu tumboni na mgongoni bila shida nyingine, mpeleke aangaliwe, ila usikimbilie kumwandika maisha yake yote kuwa ana alaji ya penisilini (amoksilini ni ya jamii hiyo), vingi vya hivyo huwa ni virusi tu na watoto wengi wakipimwa baadaye wanapatikana hawana alaji yoyote.

Weusi unaobaki ndio unachukua muda, miezi, na kwa ngozi zetu nyeusi hata zaidi. Mimi nilipewa krimu ya steroidi ya kupaka siku chache tu wakati bado panawaka, ikaisha hivyo. Zile tyubu za kung'arisha wanauza soko la Kibuye usipake pale, hasa kwa mdomo na sehemu za siri, ngozi ya huko ni nyembamba na utabaki na doa lilelile juu ya ngozi iliyochubuka. Langu la mdomo sasa limefifia. Hilo lingine mke wangu anasema bado lipo, na kwamba yeye hana shida nalo.