Wasomaji wauliza: Boti ya kasi ikikurusha, nani atazima mashine?

Toleo lililopita tulieleza ajali ya Padstow, Uingereza, ya Mei 2013. Familia ya watu sita ilikuwa kwenye boti ya kingo za mpira, urefu wake mita 8. Boti ilikatishwa kona kali ikiwa na nguvu nyingi, wote sita wakarushwa majini, na mashine ikabaki inanguruma bila mtu. Boti ikazunguka, ikawarudia. Baba na binti yake mdogo walifariki. Kamba ya kuzimia mashine ilikuwemo botini, lakini haikuwa imefungwa mwilini mwa dereva.

Tangu hapo barua zimetujia kutoka Mtwapa, Likoni, Nyali, Bamburi na Mji wa Kale. Nyingi hazihusu Uingereza. Zinahusu boti zinazopita hapa petu kila Jumapili. Tumechagua tano.

Salaam aleikum, wahariri. Mimi ni nahodha, mashine yangu ni ya nguvu za farasi 150. Ile kamba nyekundu hunisumbua: nikigeuka kushika gati inachomoka, mashine inazima, boti inakwenda kugonga. Nimeiacha imechomekwa kwenye swichi na ncha ya pili nimeifunga kwenye usukani. Kuna ubaya? (Nahodha, Mtwapa)

Waaleikum salaam, nahodha. Ubaya upo, na ni uleule wa Padstow. Kamba iliyofungwa kwenye usukani haijui kwamba umetoka botini. Ukirushwa, msokoto wa propela huuvuta mguu wa mashine (sehemu inayoshuka majini na kubeba propela) upande mmoja, usukani usioshikwa na mtu unaufuata, na boti inaingia kwenye duara. Katikati ya duara hilo uko wewe na abiria wako. Mashine ikizunguka mara 5,500 kwa dakika na gea zake zikipunguza kwa nusu, propela ya mapanga matatu hukata maji mara 137 hivi kwa sekunde. Hakuna mwogeleaji anayeikwepa.

Ifunge pajani, juu kidogo ya goti, au kwenye pete ya chuma ya jaketi. Usiifunge mkononi, maana mkono ndio unaozunguka huku na huko na kuichomoa bure. Kero yako ya gatini itapungua hapohapo. Usiiunge kwa kipande cha kamba ili irefuke. Urefu wake umepimwa ili kibanio kichomoke kabla mwili wako haujavuka ukingo. Ukisogea gatini mwendo wa pole, mpe msaidizi kazi ya kushika gati, wewe ubaki kwenye usukani.

Kisha ijaribu kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga: mashine ikiwa inanguruma polepole bila gea, vuta. Mashine inapaswa kuzimika papo hapo. Jambo hili mafundi wanalijua lakini wenye boti wengi hawalijui: katika mashine nyingi za nje, swichi huzima kwa kuunganisha waya na bodi. Basi kutu ikila waya ule au ukikatika, mashine haizimi. Inaendelea tu kana kwamba kila kitu ni kizima. Kuitazama kamba hakutoshi. Suuza swichi kwa maji baridi ya bomba, na kamba iliyoacha kujikunja au kibanio kilichokakamaa kwa jua uibadilishe.

Weka pia kamba ya akiba, na abiria mmoja ajue ilipo. Ukianguka nayo, walio botini hawawezi kuwasha mashine waje wakuokoe. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria inawataka waendeshaji wa boti zilizo chini ya futi 26 zenye swichi hiyo waitumie boti inapokwenda mbio. Tungependa kuona desturi hiyo kwenye kila boti ya watalii hapa kwetu, bila kungoja msiba.

Nina boti ya faiba ya futi 20, chini ina umbo la V. Niliondoa mashine ya farasi 115 nikaweka ya 200. Sasa nikifika noti 40 (kama kilomita 74 kwa saa) boti inaanza kulalia kulia, kushoto, kulia, kila mara ikizidi. Fundi anasema nizoee tu. Ni kweli? (Mwenye boti, Likoni)

Si kweli, na tafadhali usifike tena mwendo huo mpaka umalize kusoma jibu hili.

Boti ya V ikienda mbio huinuka mpaka inabaki inakaa juu ya kipande kidogo cha tezi, yaani sehemu ya nyuma, karibu na mkuku. Hapo iko kama baiskeli: inasimama kwa kusawazishwa. Usukani ukiwa umelegea hata kidogo, propela inaisukuma upande mmoja, wewe unairudisha kwa kuchelewa, inaangukia upande wa pili kwa nguvu zaidi. Kila ukiufukuza mtikisiko kwa usukani unauongezea.

Anza na usukani. Boti ikiwa ufukweni, mtu mmoja ashike usukani imara, mwingine autikise mguu wa mashine kushoto na kulia. Ukicheza, tafuta ulegevu ulipo: kwenye kebo, kwenye maungio, au hewa ndani ya mafuta ya haidroli. Kebo ya kawaida haifai kabisa kwa farasi 200. Weka haidroli na uitoe hewa yote. Halafu tazama ubao wa tezi unaobeba mashine. Mashine yako mpya inaizidi ya zamani kwa kilo 50 hivi, na msukumo wake ni mkubwa zaidi. Gonga ubao kwa nyundo ndogo ya mbao: sauti kavu ni njema, sauti ya kufa ina maana mbao za ndani zimeoza. Ukiona nyufa kwenye pembe au boliti zinazotoa maji ya kahawia, boti isiingie majini. Tafuta kibao cha mtengenezaji kinachotaja nguvu ya juu kabisa ya mashine. Kikisema 150, jibu la swali lako ni kuirudisha ile ya 115.

Mtikisiko ukianza ukiwa baharini, punguza mafuta kidogo kidogo na ushushe mguu wa mashine taratibu, usukani ukiushika bila kuuzungusha. Usifunge mafuta ghafla. Hili ndilo linaloua hata madereva wenye uzoefu. Ukifunga kwa mkupuo, omo, yaani sehemu ya mbele, inaanguka, inauma maji, na tezi iliyo bado na kasi yake inataka kupita mbele. Boti inageuka ubavu kwa kufumba na kufumbua, na watu wanaendelea mbele kule walikokuwa wakienda. Kosa jingine ni kuinua mguu mno ili kuongeza kasi: omo inaanza kuchupa kama pomboo, na upepo wa mbele ukiingia chini yake unaweza kuibinua boti kinyumenyume. Donald Campbell alifariki hivyo tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa Coniston Water, Uingereza, akitafuta rekodi kwa boti ya jeti. Kasi yake ilizidi maili 300 kwa saa. Boti yako haifiki huko, lakini upepo hufanya kazi ileile.

Kumbuka pia hesabu hii: kutoka noti 30 hadi noti 60 mwendo ni mara mbili, lakini nguvu ya pigo ni mara nne.

Kijana wangu amenunua jaketi la kujijaza hewa lenyewe, jembamba na zuri. Je, linafaa kwenye boti yao ya mbio? (Mama, Nyali)

Mama, kwa boti ya uvuvi au ya matanga linafaa sana. Kwa noti 40 na zaidi, hapana. Maji kwa kasi ile hupiga kama ardhi, na jaketi jembamba linaweza kuchanika au kuvuka kichwani. Boti ikipinduka naye yuko chini yake, hewa inamwinua na kumbana kwenye sakafu iliyo juu ya kichwa chake.

Mnunulie jaketi la sponji lililotengenezwa kwa michezo ya kasi, lenye mikanda mitatu au minne kifuani na mmoja unaopita kati ya miguu. Akilivaa, mshike mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likigusa masikio ni kubwa. Angalia namba iliyoandikwa ndani: lenye nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea) ni la mtu anayeweza kuogelea na halimgeuzi aliyezimia, kwa hiyo asiende peke yake. Na asivae kofia ya pikipiki. Huchota maji na kuvuta shingo.

Nikifunga mkanda wa kiti si nitakuwa salama kama madereva wa mashindano? (Msomaji, Mji wa Kale)

Mkanda bila chumba kilichofunikwa ni hatari kuliko kukosa mkanda. Boti iliyo wazi ikipinduka, uliyejifunga unapigwa na maji uso kwa uso, kisha unabaki umening'inia chini ya maji. Stefano Casiraghi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za boti alipofariki karibu na Monaco tarehe 3 Oktoba 1990. Boti yake ilikuwa wazi, na baada yake kanuni za mashindano zilikazwa. Boti kubwa za mashindano leo zina kifuniko kigumu, mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja, chupa ya hewa karibu na mdomo, na mlango wa dharura. Dereva hujaribiwa kwa kupinduliwa ndani ya bwawa. Mpangilio wake haubadilishwi: ngoja mwendo uishe, hewa mdomoni, mkono mmoja ushike kitu kisichosogea, fungua mlango, ndipo ufungue mkanda. Anayefungua mkanda kwanza huelea na kupoteza mwelekeo.

Kwa Mombasa, wapi mtu anaweza kuiachia mashine iende kwa kasi? Na mtu akirushwa tufanyeje? (Vijana wa boti, Bamburi)

Ndani ya mwamba, Nyali mpaka Bamburi, hapafai. Kuna waogeleaji, wapiga mbizi na hifadhi ya bahari, na siku za bamvua maji hupwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo njia ya asubuhi huwa matumbawe mchana. Tudor na Mtwapa kuna mitumbwi, nyavu na maboya ya madema, na baada ya mvua magogo huelea nusu yamezama. Kilindini kuna meli na feri. Mawimbi ya meli hugonga kingo za mlango wa bandari na kurudi meli ikiwa imeshapita. Dereva wa mbio Didier Pironi na wenzake wawili walifariki tarehe 23 Agosti 1987 karibu na Isle of Wight walipopanda mawimbi ya meli ya mafuta kwa kasi ya mashindano. Yakate kwa mshazari, mwendo umepunguzwa.

Panapobaki ni nje ya mwamba, asubuhi ya kaskazi, upepo haujapanda. Wakati wa kusi acheni. Maji yanayopwa yakikutana na mawimbi ya kusi mlangoni, mawimbi husimama wima. Abiria wakae nyuma, kamwe wasikae omo: huko ndiko mgongo unakovunjika boti ikitua.

Mtu akirushwa, mmoja amnyooshee kidole bila kuondoa macho. Mrudieni taratibu mkikabili upepo, na mzime mashine kabisa kabla hajafika ubavuni. Kutoa gea tu hakutoshi. Kama amejeruhiwa na propela, funga mkanda mpana kwenye mguu au mkono, kati ya jeraha na kiwiliwili, kaza mpaka damu isimame, andika saa. Akilalamika shingo au ganzi, na akiwa anaelea na kupumua vizuri, shikilieni kichwa na mwili vikiwa vimenyooka na msimvute kwa mikono. Iteni msaada kwa redio ya VHF, chaneli 16. Kituo cha uokoaji baharini kiko hapahapa Mombasa. Hospitalini mwambieni daktari mlikuwa noti ngapi, hata kama majeruhi anatembea na kusema yuko sawa.