Maswali na Majibu: Msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha

Maswali ya wasomaji safari hii yote yanahusu Hifadhi ya Msitu wa Ngezi, iliyo kaskazini-magharibi ya Pemba, pale kisiwa kinapochongoka baharini kuelekea Ras Kigomasha.

Pemba ina ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani, ilhali Unguja, iliyo kubwa zaidi, haina. Kwa nini?

Sababu imo chini ya bahari. Maji yanayoitenga Unguja na Mrima yana kina cha makumi machache tu ya mita, lakini mlango wa bahari wa Pemba unafikia kina cha mita 800 hivi. Katika zama za barafu, usawa wa bahari uliposhuka kwa mita zipatazo 120, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu, ilhali Pemba iliendelea kuzungukwa na maji. Ndege waliokwisha kufika Pemba wakazaliana peke yao kwa muda mrefu mno, hata wakawa aina mbalimbali na ndugu zao wa bara. Leo wanahesabiwa wanne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kile kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wote wanne wanaonekana Ngezi, ingawa chozi hutosheka pia na bustani za majumbani.

Nilipotembelea Ngezi niliona msitu mrefu wenye kiza, na si mbali na hapo vichaka vifupi vilivyodumaa. Je, sehemu ile ilikatwa miti?

Si lazima, kwani kinachoamua zaidi ni udongo. Penye udongo wenye kina na unaohifadhi maji, miti hurefuka na kufungamana juu, na chini yake humea mpapindi, mnazi-mwitu wa Pemba ambao jamaa zake wa karibu wengi wako Madagaska. Penye mchanga uliokwisha kuchujwa rutuba na mvua, huota vichaka vyenye majani madogo kama sindano, na juu ya mwamba wa matumbawe miti hubaki mifupi kwa kuwa mizizi haina pa kushuka. Ukifika kwenye maji ya chumvi unakutana na mikoko, nayo ina mpangilio wake: kwa kawaida mlilana hutangulia kuelekea bahari, mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata, na mkandaa hukaa nyuma kwenye tope lisilofunikwa na kila maji kujaa. Kwa maoni yangu, mchanganyiko huu wa ardhi katika eneo dogo ndio utajiri mkubwa wa Ngezi, na anayedhani vile vichaka ni pori bure lililo tayari kwa kilimo anakosea sana.

Popo wanatumalizia maembe. Kwa nini walindwe?

Hasara hiyo ni ya kweli, na si haki kumwambia mkulima kwamba anaiota. Hata hivyo, popo huyu mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa huzidi mita 1.5, anaishi Pemba peke yake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amepungua mno kwa kuwindwa kwa ajili ya kitoweo na kwa kukatwa miti mikubwa anayolala, na mwaka 1996 akaorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, waliyalinda makazi yake hata idadi ikapanda, na mwaka 2008 daraja lake la hatari likapunguzwa. Faida yake kwa msitu ni kubwa: hubeba mbegu mbali na mti mama na huchavusha maua akitafuta utamu. Isitoshe, makundi mengi hulala nje ya hifadhi, mengine katika miti mikongwe ya makaburini, kwa hiyo mpaka wa Ngezi peke yake hauwezi kumlinda.

Ni kweli kwamba Ngezi kuna kima punju?

Waliletwa na watu kutoka Unguja, katika miaka ya 1970, na walikuwa wachache sana. Kima punju si mnyama wa asili wa Pemba. Kumbuka ule mlango wa bahari tulioutaja.

Ninataka kumsikia yule bundi. Niende wakati gani?

Nenda baada ya giza kuingia, ukiwa na mwongozaji uliyekubaliana naye mapema katika ofisi ya hifadhi. Mlio wake ni sauti moja fupi, inayorudiwa baada ya kimya kisichotabirika, hivyo usiondoke upesi ukidhani hayupo. Tochi usimmulike usoni, na sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu usizicheze ili kumwita, maana humfanya aache kuwinda akidhani eneo lake limeingiliwa.