Urani ya dalali na hofu ya bomu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Songea. Kuna dalali kaleta kopo zito la madini ya risasi, anasema ndani mna urani ya Namtumbo na kwamba mnunuzi wa nje anaitaka kwa ajili ya bomu. Anadai milioni nane. Sinunui, ila nimeingiwa na hofu: kama mzigo huu unapatikana hivi, nani atazuia silaha za nyuklia zisienee?

JIBU: Marahaba. Madalali hawa wamenichosha. Hadithi ni ileile: kopo, cheti chenye mhuri wa maabara, mnunuzi asiyeonekana. Asipokuletea urani atakuletea zebaki nyekundu, kitu ambacho hakipo kabisa. Mwaka 2009 uvumi kwamba imo ndani ya cherehani kuukuu za Singer uliwafanya watu Saudi Arabia wazigombee kwa bei za ajabu.

Matapeli nimewazoea. Kinachonikera ni kusikia hata watu waliosoma wakisema mwenye jiwe ana bomu. Katika kila atomu 1,000 za urani itokayo ardhini, zinazofaa kwa umeme au bomu, yaani urani 235, ni 7 tu. Mitambo mingi ya umeme wa nyuklia hutaka hizo zifike asilimia 3 hadi 5. Bomu hutaka karibu 90. Na hizo 7 huwezi kuzichuja kwa asidi wala kwa moto, kwa sababu kikemia zinafanana na zile nyingine. Urani lazima igeuzwe gesi, ipite kwenye maelfu ya mitungi inayozunguka kwa kasi ya kutisha, usiku na mchana, miezi kadhaa. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo, kwenye mawe yenye utajiri usio wa kawaida. Hata hayo hayakuwa bomu mpaka Marekani ilipojenga viwanda vikubwa mno Oak Ridge.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia silaha hizi alinde mitungi na michoro yake kuliko mashimo ya migodi. Abdul Qadeer Khan, mtaalamu wa nyuklia wa Pakistan, hakuuza mawe. Aliuza michoro na mashine. Mwaka 2003 meli BBC China ilikamatwa na vipuri vya mitungi hiyo vikielekea Libya, na mtandao wa Khan ukaanza kuporomoka.

Zinazuilika? Kwa kiasi kikubwa zimezuilika. Mwaka 1963 Rais Kennedy alihofia nchi 15 hadi 25 zingekuwa nazo kufikia miaka ya 1970. Leo ni 9. Afrika Kusini iliunda mabomu 6, ikayavunja yenyewe. Lakini Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mwaka 2003, na 2006 ikalipua bomu la majaribio. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, kazi yao ni kupima, kuhesabu na kupiga kelele. Serikali iliyokwisha kuamua hawana jeshi la kuizuia.

Sasa hilo kopo. Aghalabu huwa na kokoto, lakini hutokea likawa na chanzo cha mionzi kilichoibwa hospitalini au kiwandani. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walifungua kifaa cha tiba kilichotelekezwa, wakavutiwa na unga uliong'aa buluu, wakagawiana majumbani. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo usilifungue, usilishike, wala usilipige picha kwa karibu. Waambie polisi, nao wawaite Tume ya Nguvu za Atomiki, wenye vipimo. Na hiyo milioni nane, hata ya kukopeshana, usimpe.