Jibu: Jaketi za mtumba zimekwama, nishushe bei?

Habari ndugu. Umesema mzigo ulikugharimu 18,000, umebaki na jaketi nzito 40, na hutaki kuuza chini ya 300 mpaka pesa irudi. Nilikwama vivyo hivyo hapa soko la Kibuye, Kisumu, miezi minne nikilipia stoo. Mteja hajui ulinunua kwa bei gani, wala hajali.

Jiulize kwanza: ungekuwa na hizo pesa mkononi leo, ungenunua jaketi zilezile uuze Kisumu na hili joto? Mimi nilijibu la. Jumapili, soko likiwa limefurika, nikaziachilia kwa 150. Zilizobaki nikazipeleka Nakuru kwenye baridi. Iliniuma, lakini wiki hiyohiyo pesa hizo zilininunulia mashati mepesi ya kuuza.

Viatu vya watoto ulivyotaja sijawahi kuuza, hapo waulize wengine.