Huck alianza kubadilika kabla ya ile barua

Umeuliza ni wapi hasa kwenye Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain, huyu dogo Huck Finn anaacha kumwona Jim, mtumwa mtoro anayesafiri naye, kama mali ya mtu, na wengi watakwambia ni pale anapochana barua ya kumchongea. Mi naona ni mapema zaidi, ule usiku wa ukungu mtoni Mississippi, wamepotezana, Jim kaita wee mpaka usingizi ukamchukua akijua dogo kashapotea, afu Huck anarudi kwenye chelezo anamzuga eti ulikuwa unaota tu. Jim anashtukia, anamwambia kwa uchungu kwamba anayemfanyia rafiki yake hivyo ni takataka. Basi Huck anachukua dakika 15 nzima kujilazimisha kwenda kumwomba msamaha mtu mweusi, ila anaenda, na anasema hajawahi kujutia. Kwa mtoto wa kizungu wa Missouri enzi za utumwa hicho sio kitu kidogo jamani.

Barua yenyewe alimwandikia Miss Watson, aliyekuwa anammiliki Jim, amjulishe yuko wapi. Kinachonimaliza ni kwamba anaichana huku anaamini kabisa anatenda dhambi, manake kafundishwa kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, kwahiyo anaona bora aende zake motoni kuliko kumsaliti mwenzie.

Ila ule mwisho, Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anakuja na michezo yake ya "kumtorosha" Jim na kumbe anajua Jim kashaachwa huru kwenye wosia wa Miss Watson... hapo Twain aliniudhi, na Huck naye anafuata tu kama mkia.