Lenzi waidi ya kufokasi kwa mkono: nilivyoachana na f/1.4 nikabaki na 24mm f/2

Nyumba ya shangazi yangu kule Mvumi, Dodoma, ni tembe, tembe yenyewe kabisa, paa bapa la udongo, mlango mmoja mfupi unainama ndo unapita, na ukishaingia hata kama ni saa nane mchana unasimama kwanza macho yazoee giza. Nilienda na Nikon FM2, kamera ya filamu, filamu ya ISO 400 na lenzi ya 28mm f/2.8 (mm ikipungua lenzi inaona upana zaidi, namba ya f ikipungua inapitisha mwanga zaidi). Mita ya mwanga ikaniambia shata 1/8 ya sekunde. Nikaegemea nguzo, nikabana pumzi, nikapiga sita. Kuzisafisha, zote sita shangazi ni moshi tu. Mwenyewe alikuwa anapepeta uwele, mikono haitulii, sasa kwa 1/8 ulitegemea nini?

Hapo ndo ugonjwa wa lenzi za mwanga mwingi ukaniingia. Kila niliyemuuliza ananiambia chukua 1.4 bana utaona, na mimi bila kufikiri nikajichanga miezi minne nikachukua Nikkor 35mm f/1.4 ya zamani. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu, toka 2.8 mpaka 1.4 ni stopu mbili, kila stopu mwanga unakuwa mara mbili, kwa hiyo ile 1/8 inakuwa 1/30. Nikarudi Mvumi, salamu za Kigogo mbukwenyi mbukwenyi, nikakaa palepale, mita moja na ushee kutoka kwake, nikapiga roli nzima.

Matokeo? Sikio la shangazi safi kabisa, hereni unaihesabu na mikwaruzo yake. Macho sasa, hayapo. Picha baada ya picha, kama si sikio ni ncha ya pua, kama si pua ni ungo. Nilivyomwonyesha akacheka, "mwanangu, umekuja kupiga picha masikio?"

Nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa niipige kabla ya kutoa hela. 35mm kwa f/1.4 ukiwa mita 1.2 na mtu, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 10 hivi jumla, mbele na nyuma. Kumi! Mtu akipumua tu ametoka. Halafu umbali huohuo ukiweka 24mm kwa f/2 unapata kama sentimita 30, yaani uso mzima na mikono inayokaribia uso. Unapoteza stopu moja tu ya mwanga, na waidi zaidi inavumilia shata ya taratibu mkononi, 24 naishika kwa 1/15 vizuri tu pale ambapo 35 nataka 1/30. Kwa hiyo kwa kitu kilichotulia hujapoteza chochote, umepata nafasi ya kukosea. Mikono inayopepeta ni habari nyingine, 1/15 haitoshi, hapo napiga HP5, filamu ya ISO 400, kama ni ya 1600 na naisafisha kwa muda mrefu zaidi, f/2 inanipa 1/60. Chembechembe zinaongezeka, sawa, ila picha ipo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, usianze na namba ya f. Anza na unasimama umbali gani na watu unaowapiga na kama utaweza kuifokasi hiyo lenzi gizani kwa jicho lako. Hizi ni lenzi za mkono, hakuna mashine ya kukusaidia.

Kitu kingine ambacho watu wenye kamera mbili kama mimi wanasahau ni kropu, yaani sensa ya dijitali iliyo ndogo kuliko filamu inakata kingo za picha. Kwenye filamu 28 ni waidi, lakini ukiichomeka kwenye Nikon D7000 yangu ya dijitali inakuwa kama 42, hiyo sio waidi tena. 24 inakuwa kama 36, bado inafanya kazi. Ndo maana nasema kama lenzi ni moja na bodi ni mbili, 24 ndo inayokula pande zote. Ungekuwa na dijitali peke yake ningekwambia chukua f/2.8 usonge mbele, kwa sababu dijitali ukizidiwa na giza unapandisha ISO hapohapo, ila filamu ukishaifunga umeifunga mpaka picha ya 36. f/2 naidai kwa ajili ya filamu.

Halafu uangalie bodi yako inakubali nini. Nikon za D3000 mpaka D5600 zinafunga hizi lenzi za zamani lakini mita inazima, unakadiria mwenyewe. D7000, D7100 na D7200 zinapima, unaingia kwenye menyu unaijazia 24mm na f/2 basi. D7500 wakakitoa kile kijino cha pale lenzi inapofungwa, kinachosoma pete ya f, kwa hiyo usidanganywe na namba kubwa. Na lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijabadilishwa kuwa AI, yaani pete yake ikubaliane na hicho kijino, usizilazimishe kwenye FM2 wala D7000, zinavunja kijino. Wa Canon zenye kioo cha kuakisi ndani, yaani za EF, mna bahati, Nikkor inaingia kwa adapta kavu isiyo na lenzi ndani na infiniti, fokasi ya mbali kabisa, inafika, kwa sababu Nikon imepimwa milimita 46.5 toka mauntini, pale lenzi inapofungwa, mpaka kwenye filamu na EF ni 44. Lenzi za zamani za Canon FD zenyewe ni 42, kwa hiyo kwenye EF mpaka adapta yenye kioo cha lenzi ndani, na hicho kioo mara nyingi kinaharibu utamu wote. Wenye mirolesi, kamera zisizo na kioo cha kuakisi, fungeni chochote, nyie hamna shida.

Sasa kufokasi. Waidi inadanganya jicho, kila kitu kwenye kidirisha kinaonekana kama kimekaa sawa kumbe hapana. Kwenye FM2 kuna kile kiduara cha katikati kinachokata picha vipande viwili, kitafutie mstari uliosimama, mwimo wa mlango, nguzo, mkunjo wa kitenge, usikiweke kwenye shavu maana shavu halina mstari. Kwenye D7000 kidirisha hakikutengenezewa kazi hii, nafuata kile kitone cha kijani kinachowaka fokasi ikikaa, na kitu kikiwa kimetulia nawasha skrini nakuza picha.

Mchana wala usifokasi. Ngoma ya Wagogo wakishachanganya, akina mama na ngoma za muheme katikati ya mapaja, vumbi limeamka, ukianza kuzungusha pete umechelewa. Naweka f/8, pete kwenye mita 2.4, na kuanzia mita 1.2 mpaka mwisho wa macho kila kitu kimo. Hiyo ni kwa filamu. Kwenye kropu zile alama za f za kwenye lenzi zinazoonyesha fokasi inaanzia na kuishia wapi zinakudanganya kidogo, ukiwa f/8 soma zile za f/5.6. Na ukiwa karibu hivyo usiweke mtu pembeni ya fremu, 24 inavuta kichwa kinakuwa kama papai.

Nyota nagusia tu. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ukitoka nje ya mji kuelekea Hombolo, Njia ya Maziwa ipo wazi. Ili nyota zisivutike kuwa mistari, gawanya 500 kwa 24, shata iwe sekunde 20 hivi kwenye filamu, kwenye kropu kama 14. Ila kwa f/2 nyota za kwenye kona zinaota mabawa, funga mpaka 2.8. Na usiamini alama ya infiniti, tafuta nyota kali, ikuze kwenye skrini, fokasi, halafu bandika utepe pete isisogee.

Kununua. Nyingi zinatokea Dar na unyevu wa pwani unalea fangasi, kwa hiyo njoo na tochi, fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, angalia kama kuna nyuzi kama za buibui, huyo ndo fangasi. Vumbi kidogo ndani usilikatae, huku Dodoma utaliongeza mwenyewe. Cheza na zile panga za ndani, zikiwa na mafuta zinachelewa kufunga na picha zote zinatoka na mwanga mwingi. Pete ikisaga kama ina mchanga rudisha. Mimi ile 35 niliinunua nimesimama kwenye foleni ya basi, nikagundua pete inasaga nimeshafika Gairo.

Bado ninayo, naitumia kwa picha za mtu mmoja aliyetulia. Na bahati nzuri 24 f/2, 28 na hiyo 35 zote mdomo ni 52mm, nikanunua filta moja ya kioo cheupe, na kwa upepo huu wa Dodoma hiyo filta nimeshaibadilisha mara mbili, vioo vya lenzi havina mkwaruzo hata mmoja.